Swali la Kujibiwa Mara Moja

Nyumbani kwa Mama Cécilia palikuwa na kinu kimoja na michi miwili, kisha michi yote ikatoweka. Maneno pale kijijini Wamaza yalianzia hapo. Mwanamke anaweza kukosa chumvi, akakosa sabuni, hata mume akakosa, watu wakamhurumia na kupita. Lakini kuwa na muhogo mkavu uani na kukosa cha kuutwangia, jambo hilo linataka maelezo. Maelezo alikuwa nayo jirani, Mounira, kwa sababu michi ilikuwa chini ya kitanda chake. Consolée, mkwe wa Cécilia, ndiye aliyempelekea, akamwomba aifiche, akamwambia asimrudishie hata akija kuidai kwa machozi. Mounira alikubali. Hajawahi kukataa kitu ambacho kesho yake kinaweza kusimuliwa kisimani.

Consolée alikuwa na mtoto mmoja, Sonia, aliyekuwa ameanza kusimama kwa kushika ukuta. Mume wake, Bruno, alikuwa Salamabila kwenye mashimo ya dhahabu. Akipata alirudi, akikosa alikaa kimya. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake wawili na mtoto, na wanawake hao walipendana kama mtu na mama mkwe wake wanavyopendana, kwa uangalifu.

Kilichompata Consolée kilikuja mchana kweupe. Alikuwa anatwanga, Sonia akatambaa kuja kwenye kinu akifurahia mdundo, na ghafla Consolée akaona kichwani mwake mchi ukishuka mahali pasipo na muhogo. Aliona yote, hadi damu. Mikono ikamfa ganzi. Mtoto alikuwa mzima, anacheka, unga umempaka pua, hakuna kilichotokea. Lakini picha ile haikuondoka. Ilirudi alipomwogesha mtoto, safari hii ikiwa na beseni na maji. Ilirudi alipokuwa akikata sombe, majani ya muhogo, kwa kisu. Ilirudi kanisani wakati wa kimya, na hapo ndipo ilipomtesa kuliko kote. Alimpenda yule mtoto hadi kifua kikamuuma, na kichwa chake mwenyewe kilikuwa kinamwonyesha namna za kumuua.

Akaanza kumlinda mtoto dhidi ya mama yake mwenyewe. Michi ikaenda kwa Mounira. Kisu kikachomekwa juu kwenye majani ya paa. Akawa anaweka sikio puani mwa Sonia kusikiliza kama anapumua, akimaliza anatia shaka, anasikiliza tena. Halafu anamuuliza Cécilia: "Mama, anapumua?" Cécilia anasema anapumua. Maji hayajachemka jikoni, swali limerudi: "Mama, anapumua kweli? Haiko na homa? Muguse." Jibu lilimtuliza kwa kitambo, kisha shaka ikaja na nguvu zaidi. Mwishowe akaacha kumbeba kabisa. Alimnyonyesha huku mama mkwe amekaa karibu, akamrudisha haraka mikononi mwa bibi yake.

Hakumwambia mtu. Na angemwambia nani? Kule, mwanamke akifungua kinywa na kusema nimejiona ninaua mtoto wangu, hakuna atakayemuuliza swali la pili. Amejitaja mwenyewe, ni mulozi, mchawi, kesi imekwisha. Tena wanasema si lazima mtu aujue uchawi wake. Unaweza kuwa umelala tumboni tangu alipozaliwa, ukaamka siku moja na kutafuta nyama iliyo karibu. Consolée alikua akisikia hayo. Hakuogopa sana kwamba watu wangemsingizia. Aliogopa kwamba wangekuwa wanasema kweli.

Cécilia, alipomwona anakonda, alimpeleka kwenye chumba cha maombi. Mtumishi wa hapo alikuwa na sauti kubwa kuliko chumba. Alimfungisha chakula, akamwambia kuna neno limekwama kooni, alitapike mbele ya watu apone. Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi. Consolée alitamani sana kulisema, maana aliamini akilisema tu atapumzika, hata kama kupumzika huko ni kwa kufukuzwa kijijini. Alikaza meno akatapika maji matupu. Mtumishi akasema ana pepo bubu, akawapangia siku nyingine.

Kabla ya siku hiyo ikafika siku ya kupima watoto uzito kwenye kituo cha afya. Consolée alimtundika Sonia kwenye mizani, na alipoambiwa amtoe alirudi nyuma, mikono ameificha mgongoni. Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakatazamana. Muuguzi, Sidonie, hakumtazama mtu. Alimtoa mtoto mwenyewe, akampa Cécilia, kisha akasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba anatafuta mtu wa kumsaidia kuchambua maharage ya watoto waliokonda, na huyu mama kijana angemfaa.

Sidonie alikuwa mzaliwa wa Kabambare, Kibangubangu, lugha ya pale, akikisema bila kufikiri. Alikwenda kusomea magonjwa ya akili, akarudi na kibao cha kutundika mlangoni, chenye jina la magonjwa hayo, na kibao hicho akakigeuza kikatazama ukuta. Alisema haoni ni mwanamke gani wa Wamaza atapita chini yake mbele ya wenzake. Kwa hiyo wagonjwa wake wote walikuwa wachambuaji wa maharage, na maharage ya kituo kile yalikuwa safi kuliko ya mahali popote katika teritwari nzima.

Walikaa nyuma ya nyumba, ungo katikati yao. Sidonie alizungumzia mvua, akazungumzia panya, kisha akasema bila kuinua macho:

"Dada, kuna wamama wanakuja hapa na picha mubaya kichwani. Picha ya kuumiza mutoto. Sikuulizi kama na weye uko nayo. Nakuambia tu kama wako, na ni wengi."

Vidole vya Consolée vilisimama kwenye maharage. "Na watoto yao," alisema baadaye, "walikufa?"

"Hakuna. Wale wamama ndio wanachunga watoto kupita wengine wote. Ndio ugonjwa yenyewe. Kila mutu anapitiwa na mawazo ya kipumbavu, hata miye. Kwa wengine wazo linaingia, linatoka. Kwa weye liliingia, ukaliuliza: umetoka wapi, unataka nini kwangu? Sasa limekaa, kwa sababu ulilipatia kiti."

Consolée alilia, na alipoweza kusema, hakusimulia picha. Aliuliza swali lililokuwa chini ya picha zote. "Mama muganga, miye ni mulozi?"

Sidonie aliweka ungo chini akamshika mikono yote miwili. "Swali hii nitaijibu mara moja tu, na roho yangu yote. Hakuna. Weye si mulozi. Kesho utaniuliza tena, na nitanyamaza. Nikinyamaza, usifikiri nimebadilisha. Jibu litakuwa ndani ya kunyamaza kwangu, ni lilelile. Nikikujibu kila siku nitakuwa nalisha ugonjwa, na miye nataka ule ugonjwa ndio ukufe njaa."

Kesho yake Consolée aliuliza tena, akajipendekeza, akabadilisha maneno, akauliza kwa kuzunguka. Sidonie alinyamaza akiwa amemshika mkono. Ilikuwa kazi ngumu kwa wote wawili, na anayedhani kunyamaza ni kazi rahisi na akajaribu mbele ya mtu anayelia.

Vitabu alivyosomea Sidonie vilitaka mgonjwa alitamke wazo lake kwa sauti, tena na tena, hadi limchoshe. Sidonie alikiweka pembeni kifungu hicho. Kumwambia mkwe wa mtu aseme maneno yale ndani ya nyumba ya udongo, jirani akiwa Mounira, kungekuwa kumfunga kamba ya shingo na kuita hiyo dawa. Akatafuta kitu ambacho wanawake wa pale wanakifanya kila siku bila kuulizwa, akakipata palepale ugonjwa ulipoanzia. Consolée angetwanga. Kwanza Sonia akiwa mbali, mikononi mwa bibi yake, kisha akiwa kwenye mkeka, kisha akiwa mgongoni, amefungwa kwa kikwembe, kama kila mama wa nchi ile anavyotwanga. Picha ikija, asiifukuze, asiiombee, asimguse mtoto kuhakikisha. Aiache ikae ione muhogo unavyotwangwa.

Lakini dawa hiyo ilihitaji mtu mmoja nyumbani, wa kutojibu maswali. Mtu huyo hakuweza kuwa mwingine ila Cécilia, na Consolée aliposikia hivyo alitaka kukimbia. Sidonie alimwachia aamue mwenyewe. Alichukua muda mrefu kuamua, na alipokubali alisema neno lenyewe lisitajwe. Basi Sidonie akamwita Cécilia kwenye maharage, akaanza kuzungukazunguka: ugonjwa wa hofu, mama kuogopa mambo yasiyokuwapo, na kadhalika.

Cécilia alikuwa mjane, ametwanga muhogo wa ndoa nzima na wa mazishi ya mume. Alimkatiza maneno. "Anaogopa ataua mutoto."

Consolée alihisi ardhi inamwacha.

"Nilijua tangu michi ilienda kwa Mounira," Cécilia alisema. "Nilikaa nikafikiri. Mutu mwenye kutaka kuua haombi jirani amufichie muchi. Sasa niambie, muganga, miye nifanye nini?"

Aliambiwa afanye nini. Asubuhi, mtoto akiamka, Cécilia atamgusa mara moja, paji la uso na tumbo. Akisema ni mzima, basi siku hiyo ni mzima, na Consolée akiuliza tena hatajibiwa. Na Consolée asije kituoni na homa za kichwani mwake, kama alivyokuwa akija, mpaka mkono wa Cécilia uwe umesikia joto. Utaratibu ulikuwa mzuri. Hata ukiutazama leo, baada ya yote, ulikuwa mzuri. Ulisahau kitu kimoja tu, kwamba malaria haiji kwa ratiba ya asubuhi.

Michi ilirudi kutoka kwa Mounira, ambaye aliitoa shingo upande. Wiki zikapita. Consolée alitwanga akitetemeka, akatwanga akitokwa jasho baridi, akatwanga akilia, na kuna siku alitupa mchi akaenda kujificha nyuma ya choo. Cécilia aliketi akichekecha unga. Alipoulizwa "Mama, anapumua?" alichekecha tu. Bibi yule alikuwa hodari wa kunyamaza kuliko Sidonie mwenyewe, na alijivunia. Kisha ikafika asubuhi ambayo Consolée alimfunga Sonia mgongoni kwa mikono yake, akashika mchi, akaanza. Picha ilikuja. Aliiona, akaendelea. Mtoto aliukubali mdundo akasinzia, shavu lake limelala kati ya mabega ya mama. Consolée alisikia uzito ule na joto lile, akaanza kuimba kwa chini wimbo wa kutwangia aliofundishwa na mama yake. Mounira alichungulia juu ya ua, asione kitu cha kusimulia, akarudi kwake.

Walipata siku kadhaa za namna hiyo. Ni vizuri kuzitaja, maana zilikuwapo.

Asubuhi ya siku iliyofuata hizo, Cécilia alimgusa Sonia, paji la uso na tumbo, akasema, "Muzima." Na kweli mwili ulikuwa wa baridi. Jua lilipopanda mtoto akakataa ziwa, akaanza kulalamika kwa sauti nyembamba. Consolée alimwekea mkono akasikia joto. Lakini alikuwa amelisikia joto hilo mara nyingi, na mara zote lilikuwa la kichwani mwake; hakuwa na namna ya kulitofautisha. Alimfuata Cécilia aliyekuwa anatafuta jembe.

"Mama, muguse. Anachoma."

Cécilia alimwangalia kwa huruma. Aliona uso uleule wa siku zote, macho yaleyale, akakumbuka alivyofundishwa, akajikaza. "Nilimugusa asubuhi," alisema, na hayo yakawa maneno mengi kuliko alivyoruhusiwa. Akachukua jembe akaenda shambani, akijisikia amefanya vizuri.

Consolée alibaki ameketi na mtoto. Alisimama akavaa kandambili aende kituoni, akazivua. Ni ugonjwa, alijiambia, ndio huo unanidanganya, nisiulishe. Akazivaa, akazivua tena. Alikuwa anapigana kwa nguvu zake zote kama alivyofundishwa, na hakuwa amewahi kupigana vizuri namna ile.

Cécilia aliporudi alasiri hakuhitaji kugusa. Aliona mtoto ametupa macho juu, midomo imepauka. Aliangusha jembe, na kelele aliyopiga ilimleta Mounira mbio.

Kituoni, Sidonie alichoma kidole cha mtoto, akaangalia kipimo, akaangalia viganja vyeupe. Hakupoteza muda kusema. Alimchoma sindano aliyokuwa nayo. Damu ya kumwongezea haikuwapo. Ilikuwa hospitalini, Kasongo, na njia ya Kasongo msimu ule wa mvua ilikuwa matope na mashimo. Alitafuta pikipiki mwenyewe. Consolée alikaa nyuma ya dereva, Sonia amefungwa mgongoni kwa kikwembe, na Cécilia akakaa nyuma kabisa, mtoto katikati yao, kiganja cha bibi kimelala juu ya mgongo mdogo.

Pikipiki iliteleza, ikakwama, ikasukumwa, ikaendelea. Walivuka kijito maji yakiwa magotini. Consolée hakuweza kugeuka. Alisikia uzito mgongoni, uleule, na joto. Alijizuia kuuliza kadiri alivyoweza, kisha akashindwa.

"Mama, anapumua?"

Cécilia hakujibu.

Na Consolée, aliyekuwa amefundishwa kwamba ndani ya kunyamaza kule kuna jibu, na jibu ni lilelile, alitulia. Alishukuru hata, kwa maana mama mkwe angekuwa na wasiwasi angesema. Hakuuliza tena. Walisafiri hivyo hadi taa za kwanza za Kasongo, na kwenye lango la hospitali alifungua kikwembe kwa haraka akamgeuza mtoto mbele, na hapo akaona kile ambacho mkono wa Cécilia ulikijua tangu kijitoni.

Sonia alizikwa Wamaza. Bruno alifika kutoka Salamabila na tope la shimoni bado kwenye nywele, akakaa kwenye benchi la matanga. Siku ya kuondoa matanga, wazee wa ukoo walikaa ndani kuuliza, kama wanavyouliza kila mtoto akifa, nani. Mkubwa wao alikuwa Mzee Ramazani, kaka wa marehemu mume wa Cécilia, mtu wa sala na mpole, na upole wake ndio uliotisha. Alisema amesikia maneno ya kisimani. Amesikia kwamba mama wa mtoto alikuwa anaogopa mchi. Amesikia alikuwa hataki kumbeba mtoto wake.

"Tunauliza tu," alisema. "Mwenye kuwa na neno, aseme, roho ipumzike."

Consolée alikuwa ameketi kwenye mkeka, na neno lilipanda. Lilipanda lote, mchi, beseni, kisu, kila picha aliyoiona na sasa mtoto amekufa kweli. Kwa nini alikuwa ameziona, kama hakuwa yeye? Angesema tu. Angesema na wamfanye watakavyo, mradi kichwa kinyamaze. Aliweka mkono chini ili ainuke.

Cécilia alisimama kabla yake. Alisimama kwa shida, kwa sababu ya magoti.

"Shemeji, mutoto alikufa na homa. Muganga aliipima, mukamuulize. Na kama homa haiwatoshi, kama munatafuta mutu, huyu hapa. Miye ndiye nilimugusa asubuhi nikasema ni muzima. Mama yake aliniomba nimuguse tena, akaniambia anachoma. Nilikataa. Nilichukua jembe nikaenda. Andikeni jina yangu, mumuache huyu mutoto wa watu."

Ramazani alimtazama shemeji yake kwa muda mrefu: mjane, mzee, mume amezikwa, mjukuu amezikwa. Wote mle ndani walijua watu wa namna hiyo huambiwa nini. Alisema wataliangalia jambo hilo wakati mwingine, wakaagana kwa adabu. Bruno alirudi Salamabila. Mounira, ambaye alikuwa akija kuomba makaa ya moto kila asubuhi, akaanza kuyaomba nyumba ya mbali, na unga wa Cécilia sokoni ukawa unarudi nyumbani na kikapu chake.

Sidonie alikuja. Hakuja na maharage wala na visingizio. Alikaa kwenye mkeka akasema kosa lilikuwa lake, kwamba angepaswa kuwaambia mtoto akikataa ziwa waje bila kuuliza, hofu au si hofu, na hakuwaambia. Consolée alimuuliza kama wangekuja asubuhi Sonia angepona. Sidonie alisema hajui. Labda, na labda sivyo; homa ile huwachukua hata wanaoletwa mapema. Alisema hatajua kamwe, na wao hawatajua, na hilo ndilo litakalowabidi kubeba. Kisha akalia kuliko alivyotarajia, na Consolée ndiye aliyempa maji.

Baada ya hapo Cécilia alibadilika. Alikuwa anaanza kazi anaiacha. Alimwaga maji aliyoyachota mwenyewe akaenda kuchota mengine. Alikitazama kiganja chake cha kulia, akakisugua kwa majivu, akakitazama tena. Consolée alimwona na akaelewa kabla hajaambiwa, maana alizijua dalili hizo kutoka ndani.

Asubuhi moja Cécilia aliweka chini kikapu cha muhogo. "Mama Sonia," alisema. Bado alimwita hivyo. "Watu wanasema kuna mwenye kuwa nacho tumboni na hajui. Miye nilimupenda mutoto. Lakini mukono ni wangu. Nilimugusa, akakufa. Na kwenye pikipiki nilisikia pumuzi inakatika chini ya mukono wangu, sikusema. Niambie. Ni miye? Miye ndiye nilimula?"

Kulikuwa na hasira ndani ya Consolée, na hasira hiyo ilikuwa na haki yake. Alimwona tena akichukua jembe. Alisikia tena ukimya wa kwenye pikipiki. Ilikuwa rahisi kabisa kumwacha bibi yule na swali lake, na pengine kuna siku alitamani kufanya hivyo. Kisha akapiga magoti, akashika mikono yote miwili, na ule wa kulia uliochunika kwa majivu.

"Mama, swali hii nitaijibu mara moja tu, na roho yangu yote. Hakuna. Si weye."

Cécilia alilia kichwa kimelala kwenye bega la mkwe wake. Kisha wakainuka, maana muhogo ulikuwa pale na jioni wangekula nini. Walisimama kwenye kinu kimoja kila mtu na mchi wake, mmoja akipandisha mwingine akishusha, kama watwangavyo wawili. Consolée alikuwa amejifunga kikwembe mgongoni kwa mazoea. Hakukumbuka kwamba hakina mtu hadi alipoinama.

Muhogo haujawa unga, Cécilia aliuliza tena, kwa sauti ya mtoto. "Kweli si miye?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Lilikuwa neno moja, lisilogharimu kitu, na macho ya mzee yalikuwa yameliganda. Consolée aliuma midomo akanyamaza. Ndipo alipojua ule ukimya wa njia ya Kasongo ulikuwa na uzito gani kwa aliyeubeba. Aliinua mchi, akamngoja mama mkwe ainue wake.